Laini ya nne ya Denver, na kwa nini mfungaji anaweza kukaa nje

Swali: "Kaka habari za saizi. Mimi niko Aurora, Colorado, mwaka wa sita huu, kwetu Tanga. Mwanangu ana miaka 12, amependa hoki ya barafu shuleni na mwaka jana nikaanza kumpeleka kuangalia timu ya Chuo Kikuu cha Denver, sasa na mimi nimenasa. Ila kuna kitu kinanichanganya. Kocha anabadilisha watu kila dakika, mtu anafunga leo kesho unamkuta laini ya nne au kavaa suti kakaa jukwaani, na nikiuliza washabiki wenzangu wananijibu ni 'kalcha ya timu'. Hiyo kalcha ni kitu kweli au ni kocha anajificha nyuma ya neno? Alafu mwanangu nae kocha wake wa timu ya watoto kamshusha laini ya tatu, analia kila siku, niende nikaongee nae?"

Dada yangu, nzuri, na karibu sana. Nimekaa na swali lako siku mbili maana hata mimi nililiuliza miaka kumi na kitu iliyopita, nilipokuwa nasafisha majukwaa kwenye uwanja mmoja wa barafu hapa Denver, nimetoka zangu Moshi sijui hata kusimama juu ya barafu, na mzee mmoja aliekuwa anaendesha lile gari la kulainisha barafu ndo alienifundisha kuutazama huu mchezo. Saivi nafundisha watoto Jumamosi asubuhi na nina tiketi ya msimu mzima ya hiyo timu unayoiulizia, kwa hiyo nakujibu kama mtu anaeipenda na pia kama mtu anaefundisha, na pale ninapoona kocha anakosea nitasema.

Kalcha ipo. Lakini usiitafute kwenye maneno ya kocha, itafute kwenye orodha ya majina ya siku ya mechi, nani yuko laini ipi, nani yuko nje, alafu yule aliewekwa chini anafanya nini akiingia. Ngoja nianze na hiyo orodha maana bila kuielewa mengine yote hayatakaa.

Sisi tumekulia mpira wa miguu, na kwenye mpira mtu akitolewa ni habari, mashabiki wanaguna, mwenyewe anarusha jezi. Hoki ya barafu kutoka ni sehemu ya kupumua. Mtu anakimbia kwa nguvu zote sekunde 40, labda 45, miguu inaungua, anarudi benchi mwenzie anaingia, na hivo hivo mpaka vipindi vitatu vya dakika 20 viishe. Ndo maana wanavaa washambuliaji 12, wamegawanywa laini nne za watu watatu watatu, mabeki sita kwa jozi tatu, kipa mmoja anaanza na mwingine anasubiri, na kawaida kuna mtu mmoja wa ziada. Kikosi kizima kina watu kama 26, kwa hiyo kila usiku kuna vijana kadhaa wazima kabisa, hawajaumia popote, wanaovaa suti na kukaa juu. Huyo uliemuona na suti hajafukuzwa. Hesabu tu imemwangukia, na kesho yake anaweza kurudi, maana mechi za chuo zinachezwa Ijumaa na Jumamosi na timu ile ile, kocha anaona kitu Ijumaa usiku anabadilisha Jumamosi.

Sasa laini zenyewe. Watu wengi wanadhani laini ya kwanza ni wazuri na ya nne ni wabovu, na hapo ndo wanapopotea. Kila laini ina kazi yake. Laini mbili za juu kazi yao kubwa ni kufunga. Laini ya tatu mara nyingi ndo inapewa kazi ya kumbana mfungaji mkubwa wa wenzenu, fikiria kiungo mkabaji, sio yule anaeimbwa jukwaani lakini akikosekana unaona timu nzima inavuja. Laini ya nne inaingia kuwachosha mabeki wa upande wa pili, inasukuma paki, kile kidude wanachokigombania kwa fimbo, ndani kabisa nyuma ya goli lao, inagongana nao kule kule, sekunde 35 inatoka, na haikuacha shimo. Na wengi wa hao hao wa chini ndo wanaoingia timu ikiwa pungufu, mwenzao katolewa dakika mbili, wanasimama mbele ya mashuti kwa mwili wao. Paki ni raba ngumu iliyogandishwa, kikikupata kwenye kifundo cha mguu unakisikia wiki nzima.

Alafu kuna sheria moja ndogo inayoeleza nusu ya mabadiliko yanayokuchanganya. Mchezo ukisimama, timu ya ugenini inaingiza watu wake kwanza, timu ya nyumbani inaingiza baadae. Kwa hiyo hapa Magness, uwanja wetu wa nyumbani, kocha wetu anaangalia wameingia nani, anachagua wa kuwakabili. Ugenini hana hiyo nafasi, inabidi apange laini ambazo zote zinaweza kujitetea zenyewe, na hapo mfungaji wako mzuri asiejua kukaba anaweza kujikuta laini nyingine kabisa. Mimi nilikuwa nakasirika nikiona orodha ya ugenini mpaka yule mzee akaniambia angalia nani anaingia wa mwisho. Baada ya hapo niliuona mchezo mwingine.

Basi tuje kwenye hiyo kalcha, na nikupe mfano niliouona kwa macho yangu kwenye televisheni huku mikono inatetemeka. Aprili 2024, fainali ya vyuo, St. Paul kule Minnesota. Upande wa pili ni Boston College, na wale hawakuwa watoto wa mchezo. Laini yao ya kwanza ilikuwa Will Smith, Gabe Perreault na Ryan Leonard, wote mwaka wa kwanza, wote wamechukuliwa raundi ya kwanza kwenye drafti ya 2023, pale timu za NHL, ile ligi kubwa ya kulipwa, zinapochagua vijana kwa zamu, wamecheza pamoja tangu timu ya taifa ya vijana, na Smith ndo alieongoza nchi nzima kwa pointi, yaani magoli na pasi za magoli ukijumlisha, msimu ule akiwa na 71. Pembeni yao kuna Cutter Gauthier aliefunga magoli 38, hakuna aliemfikia. Kwa majina peke yake ilikuwa timu ya kutisha. Denver wakashinda 2-0.

Waliofunga ni Jared Wright na Rieger Lorenz. Hukuwasikia sana hayo majina kabla ya siku ile, na ndo ninachotaka ukione. Wright ni kijana wa mbio, alichukuliwa raundi ya sita kwenye drafti, kazi yake kubwa pale ilikuwa kukimbiza watu na kucheza timu ikiwa pungufu. Na nyuma yao kipa, Matt Davis, akazuia mashuti 35, hakuruhusu hata moja, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Huyu Davis nikae nae kidogo maana kwangu mimi yeye ndo jibu la swali lako. Alifika Denver 2021. Golini alikuwepo Magnus Chrona, na Chrona alikuwa haguswi. Davis akasugua benchi misimu miwili. Mwaka 2022 timu inachukua kombe yeye yuko pale na kofia yake anapiga makofi. Hakuna timu ya NHL iliyomchukua kwenye drafti. Na siku hizi mchezaji wa chuo akitaka kuhama anahama, zamani ilibidi ukae mwaka mzima bila kucheza, sasa unahama na unacheza msimu unaofuata, na kipa anaekaa nyuma ya mwenzie misimu miwili kila mtu anamwambia ondoka. Akabaki. Chrona akamaliza, Davis akachukua goli, na mwaka wake wa kwanza kuwa namba moja ndo huo wa 2024. Hesabu hii: kwenye mechi nne za mtoano mwaka ule Denver walishinda 2-1 dhidi ya Massachusetts kwenye nyongeza ya pili, 2-1 dhidi ya Cornell, 2-1 dhidi ya Boston University kwenye nyongeza, alafu hiyo 2-0. Mechi nne, magoli nane tu waliyofunga, matatu waliyofungwa. Na hii ilikuwa timu iliyofunga kwa fujo msimu mzima, watu walikuwa wanashinda 6 na 7 kama kawaida. Ilipofika siku ambazo kukosea mara moja unaenda nyumbani, waliacha kucheza kwa raha zao wakacheza kwa kubana, kila mtu, mpaka wale mastaa. Hicho kitendo cha staa kukubali kurudi nyuma kukaba mechi nzima bila kufunga ndo watu wanachokiita kalcha, sema wanaona uvivu kukieleza.

Lakini nisikudanganye, kuna washabiki wenzangu wanapenda kusema Denver ni timu ya watoto wa kawaida wasio na majina wanaoshinda kwa roho tu. Sio kweli, na nadhani inawavunjia heshima vijana wenyewe. Mwaka huo huo wa 2024 beki wao Zeev Buium, mwaka wa kwanza, miaka 18, alipata pointi 50, beki, na miezi miwili baadae Minnesota Wild wakamchukua namba 12 kwenye drafti. Kaka yake Shai alikuwa anacheza beki timu hiyo hiyo. Tristan Broz aliefunga goli la ushindi dhidi ya Boston University alikuwa ameshachukuliwa na timu ya NHL zamani, na alihamia Denver kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota baada ya mwaka mmoja. Vipaji wanavyo, tena vingi. Tofauti ni kwamba kipaji peke yake hakikupi namba pale, na kijana anaekuja anaambiwa hivo kabla hajasaini.

Na kuna suala la umri ambalo mgeni wa huu mchezo halioni. Mwaka wa kwanza kwenye hoki sio lazima awe na miaka 18. Wengi wanamaliza sekondari wanaenda kwanza kucheza ligi za vijana mwaka mmoja, miwili, wanaingia chuo wana 20 au 21, kwa hiyo mwaka wa nne ni mwanaume wa miaka 24. Weka mtu wa 24 laini ya nne amgonge kijana wa 18 mwenye kipaji cha ajabu mara thelathini kwa usiku mmoja, kipindi cha tatu yule kijana hana miguu tena. Michigan mwaka 2022 walikuwa na Owen Power, Matty Beniers, Luke Hughes na Kent Johnson, namba 1, 2, 4 na 5 kwenye drafti moja ya 2021, chuo kimoja! Denver wakawatoa nusu fainali 3-2 kwenye nyongeza, goli la Carter Savoie. Siku mbili baadae fainali wako nyuma 1-0 dhidi ya Minnesota State mpaka mwisho wa kipindi cha pili, na golini kwa wenzao kuna Dryden McKay aliepewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo usiku wa kuamkia fainali, Denver hawajapiga mashuti ya maana, mimi nilishaanza kuvaa viatu niondoke kwa rafiki yangu tulikokuwa tunaangalia. Kipindi cha tatu wakafunga matano. Ukirudia ile mechi utaona wale Minnesota State wamechoka na hawa bado wanazungusha laini zote nne kama kipindi cha kwanza.

(Washabiki wanapenda kusema ni hewa ya juu, Denver ina mita kama 1,600 kutoka usawa wa bahari na wageni wakija hapa Jumamosi wanahema. Kwa mechi za hapa nakubali. Lakini ile fainali ilichezwa Boston, usawa wa bahari kabisa. Na Nairobi iko juu kuliko Denver, wale vijana wa Kenya Ice Lions wanafanya mazoezi kwenye kiuwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, kidogo kuliko kiwango, na mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Mwonyeshe mwanao video zao, wanaongea Kiswahili benchi, atafurahi.)

Uliuliza kama kocha anajificha nyuma ya neno. Kuna makocha wanafanya hivo, tena wengi, na nimewaona kwenye timu za watoto mpaka za wakubwa, mtu anamchukia mchezaji mmoja kwa sababu zake alafu anasema hafai kwenye kalcha yetu. Kwa hiyo una haki ya kushuku. Mimi napima hivi, je, kanuni inamgusa na mkubwa? Denver wana historia moja hapo. Mwaka 2004 walikuwa hawajachukua kombe tangu 1969, miaka 35, chuo ambacho miaka ya 50 na 60 kilichukua matano. Wanafika fainali dhidi ya Maine, Boston, na kocha wa wakati ule George Gwozdecky anamwacha nje mmoja wa wafungaji wake wakubwa kabisa siku ile ile ya fainali kwa sababu alivunja kanuni ya timu. Miaka 35 ya kusubiri, na bado akamwacha nje. Wakashinda 1-0, na dakika moja na nusu hivi ya mwisho Denver wako watatu tu na kipa kwenye barafu maana wawili wametolewa, Maine wametoa kipa wao wameongeza mtu, sita dhidi ya watatu, na halikuingia. Kama wangefungwa siku ile Gwozdecky angesulubiwa, na sijui mimi mwenyewe ningesema nini. Lakini kila kijana aliekuja baadae alijua kwamba pale hakuna mtu aliye juu ya kanuni, na hiyo huwezi kuinunua.

Na kocha wa sasa, David Carle, hadithi yake ndo inanifanya nimwamini hata siku ninapobishana na orodha yake. Kijana wa Anchorage, Alaska, mwaka 2008 ana miaka 18, ameshapata nafasi ya kucheza Denver na anategemewa kuchukuliwa kwenye drafti, vipimo vikaonyesha misuli ya moyo wake imekuwa minene, ule ugonjwa unaoweza kumwangusha mwanamichezo akafa uwanjani. Kucheza kukaisha siku hiyo. Tampa Bay, timu ya NHL, wakamchukua raundi ya mwisho, namba 203, wakijua kabisa hatacheza hata dakika moja, kwa kumpa heshima tu. Na Denver hawakufuta ufadhili wake. Wakamwambia njoo, soma, ukae na timu, awe msaidizi wa makocha akiwa mwanafunzi. Mtoto ambae hatawafungia goli hata moja. Miaka kumi baadae, 2018, akiwa na miaka 28, wakampa timu nzima. Sasa mtu aliepita hapo anapomwambia mchezaji "leo hauchezi ila bado nakuhitaji", yule mchezaji anajua anaongea na mtu aliekaa upande ule, aliyekaa miaka minne anaangalia wenzake wakicheza na yeye hawezi. Kocha mwingine akisema maneno hayo hayo hayana uzito huo. Ndo maana nakwambia kalcha haihamishiki kwa kuinakili, vyuo vingine vinaandika mabango makubwa kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na hakuna kinachobadilika.

Pale ninapobishana nae sasa. Naona Carle anakaa na laini zake muda mrefu mno zikiwa zimekwama, anawaamini wakubwa mpaka imani inakuwa mzigo. Nusu fainali ya 2025 dhidi ya Western Michigan walikuwa nyuma 2-0, wakasawazisha kwa moyo wa ajabu, alafu wakafungwa 3-2 kwenye nyongeza ya pili na Western wakaenda kuchukua kombe lao la kwanza. Mimi usiku ule nilikuwa natamani vijana wa mwaka wa kwanza wapewe zamu nyingi kwenye nyongeza maana wakubwa walikuwa wameisha, ilionekana hata kwenye namna wanavyokaa chini benchini, vichwa chini. Inawezekana anajua kuliko ninavyojua mimi, yeye anawaona mazoezini kila siku mimi nawaona wikiendi, lakini ndivyo nilivyoona na bado naona hivo.

Na kuna kitu kinanitia wasiwasi mkubwa kuliko orodha ya siku moja. Zamani mchezaji aliecheza ligi kubwa za vijana za Kanada alikuwa haruhusiwi kabisa kucheza chuo Marekani, walihesabiwa wameshalipwa. Novemba 2024 wakafuta hiyo, na kuanzia Agosti 2025 wanaruhusiwa. Mara moja mlango ukafunguka kwa mamia ya vijana wazuri, Penn State wakamchukua Gavin McKenna, kipaji cha kizazi. Vipaji vimeongezeka, hela zimeingia, kuhama kumekuwa rahisi, alafu idadi ya kikosi imebanwa. Sasa yule Davis wa kesho, aliekaa nyuma ya mwenzie misimu miwili, kuna mtu atamngojea? Kuna kijana atakubali kucheza laini ya nne mwaka wa kwanza na wa pili ili wa tatu awe senta, yule mshambuliaji wa kati, wa laini ya pili, wakati chuo kingine kinampigia simu Aprili kinamwambia njoo kwetu laini ya kwanza na hela juu? Timu iliyojengwa juu ya watu kusubiri zamu yao ndo inayoumia kwanza. Sisemi Denver wataanguka, nasema ukitaka kujua hali ya timu hii angalia Aprili na Mei wanaohama ni kina nani. Wakiondoka wa laini ya kwanza kwenda NHL hakuna shida, ndo kazi ya chuo hiyo. Wakianza kuondoka wa laini ya tatu na ya nne kwenda vyuo vingine, hapo mimi nitaogopa.

Sasa vitu vya kuangalia ukiwa pale uwanjani, ili usihitaji mtu kukwambia kuna kalcha au hamna. Laini ya nne ikifungwa goli, angalia kocha anafanya nini zamu inayofuata. Akiwaficha benchi dakika kumi, hawaamini, na wao wanajua. Carle mara nyingi anawarudisha mapema, na wanarudi wakiwa na hasira nzuri. Angalia pia staa anakaa kwenye barafu muda gani, maana staa mbinafsi anakaa dakika nzima akitafuta goli lake na mwenzie anaetakiwa kuingia anasubiri kaning'inia kwenye ukuta. Alafu mtu akizuia shuti kwa mwili akarudi benchi anachechemea, tazama benchi zima linapiga fimbo kwenye ukuta, sauti yake unaisikia mpaka juu. Hiyo wanampigia mtu ambae jina lake halitaandikwa popote kesho.

Tuje kwa mwanao. Pole yake, na pole yako, najua kilio cha gari wakati wa kurudi nyumbani. Usiende kwa kocha ukauliza kwa nini ameshushwa, maana swali hilo linamfanya kocha ajitetee na mtoto anajifunza kwamba mama atamalizana na watu kwa niaba yake. Miaka 12 anaweza kwenda mwenyewe, baada ya mazoezi sio baada ya mechi, amuulize kocha swali moja, "kocha, kazi yangu kwenye laini hii ni ipi?" Kocha mzuri atamjibu kitu cha kushika mkononi, mfano nataka umkabe senta wao, nataka ushinde paki za kwenye kona. Kama kocha hana jibu, au akamjibu wewe bado tu, basi hapo tuna shida ya kocha sio ya mtoto. Na kuna hali moja ambayo nakuruhusu uende wewe mwenyewe, tena haraka. Kama laini ya tatu kwao maana yake mtoto anakaa benchi wenzie wakizunguka. Umri huo kila mtoto anatakiwa apate muda unaokaribiana kwenye barafu, umelipia sawa na wengine na hakuna mtu anaejua nani atakuwa nani akifika 18. Mimi watoto wangu nawapanga laini tatu na kila baada ya mechi mbili nachanganya, na wazazi wamenisema sana kwa hilo, sijaacha.

Ijumaa hii mpeleke Magness mapema, mechi kawaida ni saa moja usiku, mkifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu mtawakuta wanapasha mwili na uwanja bado una nafasi, unaingiza watu 6,000 hivi lakini kona zile zinajaa haraka. Msikae chini kwenye kioo, pale utaona migongo tu, pandeni juu kidogo nyuma ya goli ili muone laini zinavyofunguka. Mwambie achague mchezaji mmoja wa laini ya nne, namba yoyote, na kipindi kizima cha kwanza asiangalie paki, amuangalie huyo tu, akiingia, akitoka, akiwa amekaa, ahesabu zamu zake na aandike kila zamu alifanya nini. Kipindi cha pili aachane nae aangalie mchezo kama kawaida. Alafu mkirudi kwenye gari muulize laini ya nne wanafanya kazi gani, na unitumie alichokujibu. Chukueni makoti, kule ndani ni baridi kuliko unavyodhani.